Kocha wa nguvu kwa wacheza kikapu hapa Mwanza, je hela yake inalipa?

Wakuu, kila nikitoka tizi kuna mtu ananiuliza "vipi kule kwa yule kocha wa vyuma, inalipa?" nimeona niandike mara moja nimalize. Jina siweki maana mwenyewe hajanituma nimtangaze, na wacheza kikapu wa Mwanza wengi mnamjua, ni yule wa upande wa Nyakato, jimu ya mabati nyuma ya mashine ya kusaga, ukisikia vyuma vinadondoka saa kumi na mbili asubuhi ujue umefika.

Jibu fupi ni kwamba inalipa kama unacheza. Kama unataka kifua cha kupigia picha Capri Point jioni usiende, utaboreka na utamchukia bure.

Bei ni elfu sitini kwa mwezi, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, alfajiri au saa kumi na moja jioni, wanafunzi wanalipa nusu wakija na kitambulisho. Jimu za kawaida mjini utalipa chini ya hapo na utaingia hata kila siku, ndo maana watu wanaona huyu ghali. Ila kule unalipia mlango na muziki, mengine utajijua mwenyewe na kioo chako, huku unalipia mtu akutazame unavyofanya kila kitu, na ana jicho baya huyo kocha, hata ukidanganya nusu skwati moja (kuchuchumaa na kusimama na mzigo) anaiona akiwa amekupa mgongo sijui anaionaje.

Siku ya kwanza hugusi chuma kabisa. Anakupandisha kwenye boksi la mbao, kimo cha goti hivi, anakwambia shuka utue kwa miguu miwili ubaki hapo hapo usitikisike, yeye kachuchumaa mbele na simu anarekodi. Halafu anakuonyesha ile video imepunguzwa kasi. Tulianza siku moja na jamaa mmoja senta, yule mrefu wa kucheza chini ya goli, wa timu ya mtaani, pande la mtu, mabega mapana, kwenye video magoti yake yanakutana katikati kama yanataka kupeana mikono na nyayo zinapiga chini pwaa mpaka boksi linacheza. Kocha hakucheka. Akaweka kidole kwenye kioo pale goti linapoingia ndani akamwambia, "Dogo, goti lako litakatikia hapa hapa, na siku hiyo hakuna atakayekuwa amekugusa." Jamaa kimya.

Na hapo hakumtisha bure. Zile kano za ndani ya goti, ile ya mbele ambayo wachezaji wanaiita tu ACL, mara nyingi zinakatika mtu hajaguswa na yeyote, ametua vibaya au amegeuka ghafla huku mguu umeganda chini. Na wanawake wanaumia hivyo kuliko wanaume, ndo maana nilimpeleka mdogo wangu wa kike anayecheza timu ya chuo, kocha wa timu yao anawazungusha uwanja raundi weee lakini hajawahi hata siku moja kuwafundisha kutua. Huku wiki za mwanzo karibu zote ni kutua na kusimama. Unatua miguu miwili, unatua mguu mmoja, unatua umegeuka, unakimbia kisha anapiga makofi unasimama palepale, nyonga nyuma, goti linafuata vidole. Vijana wanalalamika kinoma, wamekuja kutafuta danki, yaani kuruka na kuutumbukiza mpira golini kwa mkono kutoka juu, wanaambiwa washuke kwenye boksi. Mi naona ndo sehemu bora ya hela yangu yote, maana viwanja vyetu vingi ni saruji tupu, ukitua vibaya kwenye saruji miaka miwili hauhitaji adui.

Habari ya danki sasa. Kuna ukuta pale umejaa alama za chaki na herufi za majina, unasimama ubavu ukutani unanyoosha mkono unaweka alama, kisha unaruka unaweka nyingine, tofauti ndo mruko wako. Dogo mmoja akauliza atadanki lini. Kocha akachukua chaki akampigia hesabu palepale ukutani, rimu, ile pete ya goli, iko sentimita 305 kutoka chini, wewe umesimama mkono unafika 232, ongeza 15 za kupitisha mpira na kiganja juu ya rimu, unatakiwa uruke 88, leo umeruka 51. Akamwachia chaki mkononi akaenda zake kuangalia wengine. Nilipenda ile, maana mitandaoni kuna watu wanauza programu za "ongeza sentimita 30 kwa mwezi mmoja" na madogo wanatuma hela za vocha zao za mwezi mzima huko. Huyu hakuahidi kitu. Alama yangu mwenyewe imepanda kama vidole vitatu tangu nianze na mie si mtoto tena, vidole vitatu ni ribaundi kadhaa, mipira inayodunda kwenye goli mtu akikosa, nilizokuwa nazisikia tu zikipita juu.

Kwenye vyuma ni vya kawaida, skwati, dedilifti (kunyanyua chuma kutoka chini mpaka usimame wima), skwati ya mguu mmoja ule wa nyuma umepanda kwenye benchi (hii inauma mpaka unamkumbuka bibi yako), kuvuta na kusukuma, kubeba viroba vya mchanga kutoka getini mpaka mwisho wa uzio na kurudi. Tofauti ni kwamba unafanya mara tano nzito kisha unakaa, dakika tatu nzima unakaa. Watu wageni wanaona wanaibiwa, kuna mama mmoja alikuja kumwangalia mwanae akauliza "sasa hapa nalipia mtoto akae?" Kocha akamjibu kwa adabu tu, mama, anayejenga nguvu lazima apumzike ili mzigo unaofuata aubebe kwa nguvu ile ile, akiunganisha bila kupumzika hiyo inakuwa pumzi, na pumzi tunaifanya siku yake. Mama akakubali nusunusu. Mie namuunga mkono kocha ila angeweka japo viti, tunakaa kwenye matairi.

Pumzi yenyewe anaifanya kwa akili. Hapa kwetu stamina maana yake ni kuamka usiku kukimbia mpaka Airport na kurudi, na sisemi haina faida, moyo unajengeka. Ila mechi ya kikapu ni robo nne za dakika kumi kumi, na ndani yake hakuna anayekimbia mwendo mmoja, unachomoka, unasimama, unakaba kwa upande, unaruka, unatembea kidogo, unachomoka tena. Kwa hiyo amepima mita 28 kwenye kiwanja cha jirani, ndo urefu wa uwanja, anakuweka kazini sekunde 24, ule muda timu inaopewa kushambulia, unakwenda kasi kweli na kugeuka na kuteleza kwa upande, kisha unatembea zaidi ya dakika nzima, tena. Raundi za kwanza unaona mchezo. Kuna hatua unafika unatamani mpira utoke nje na hakuna mpira. Na kuna siku moja moja anatupeleka kupanda vilima, mji wa mawe huu vilima havilipiwi, ila wenzetu wa Mabatini wanatucheka, wao kila siku wanapanda yale mawe na ndoo ya maji kichwani.

Kuhusu magoti yanayouma pale chini ya kifupa cha mbele, wengi tunayo, ukiruka sana lile kano linachoka. Nilizoea kupaka dawa ya kuchua na kupumzika wiki mbili, narudi linauma vilevile. Huyu anafunga tyubu ya baiskeli kwenye nguzo, unaipitisha nyuma ya magoti, unakaa kana kwamba kuna kiti, unaganda sekunde 45 bila kusogea, unapumzika dakika mbili, mara tano. Baadaye polepole anaongeza mzigo. Mapaja yanatetemeka hatari lakini lile goti lenyewe linapoa, na kwa kweli sasa hivi nashuka ngazi asubuhi bila kushika ukuta. Ila goti likivimba, au likiwa linajifunga au linakutoka unapotembea, hakugusi, anakwambia nenda hospitali ya Bugando wakalione kwanza. Hilo peke yake limenifanya nimwamini, wengi wanaojiita makocha hapa mjini wanajifanya na madaktari.

Watoto warefu ni habari nyingine. Hapa Usukumani dogo akishafika kimo fulani tu mtaa mzima unamwita Hasheem, kisa Hasheem Thabeet wetu wa mita mbili na ushee aliyechaguliwa wa pili kwenye drafti (pale timu zinapochagua wachezaji wapya) ya NBA, ligi ya Marekani, mwaka 2009 na Memphis Grizzlies, basi anawekwa chini ya rimu aruke kutwa, hana nguvu za miguu, magoti yanamuuma kwa sababu mifupa yenyewe bado inakua. Kocha akipata wa hivyo anampunguzia miruko, anamuanzisha skwati za mwili mtupu na kirungu cha mbao, na anataka mzazi aje amwone. Safi sana.

Haya, maudhi. Jioni ligi ikikaribia panajaa mno, raki ya skwati ni moja tu, unasubiri mpaka mwili unapoa na kocha ni mmoja hana msaidizi, lile jicho ninalolisifia hapo juu linagawanywa kwa watu wengi na unaanza kujiuliza elfu sitini yako iko upande gani. Nimemwambia aweke ukomo wa watu jioni, akasema "tutaona mkuu", mpaka leo tunaona. Mvua ikinyesha kwenye yale mabati hamsikilizani, anafundisha kwa mikono. Choo usiniulize.

Halafu lile jedwali la chakula. Anakutumia faili WhatsApp, ukifungua unakuta asubuhi oti na blueberi, mchana salmoni na mbogamboga zisizojulikana, usiku mtindi wa Kigiriki. Jamani! Tuko kando ya Ziwa Victoria, sato na sangara wanapita kwenye toroli, wewe unaniandikia salmoni? Ni faili la Marekani hajabadilisha hata neno. Kiini chake hakina shida, mtu anayejenga misuli anahitaji protini kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, lakini hiyo unaipata kwa dagaa (wale wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini), maharage, mayai, maziwa ya mgando, na nguvu za kukimbia unapata kwa ugali, wali, na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga ambayo bibi zetu walilimia heka nzima kabla ya kifungua kinywa. Akae siku moja aandike la kwetu, nitamsaidia hata bure. La kumpongeza ni kwamba hauzi unga wa makopo, na ukimuuliza anakwambia kwanza lala usingizi wa kutosha ndo uje tuongee makopo.

Kitu kingine cha kusema ni wiki ya mechi. Mechi ikiwa Jumamosi, Jumatano unabeba uzito uleule ila mara chache, Ijumaa ni kuruka kidogo na kunyoosha na kwenda nyumbani. Kocha wetu wa timu alikuwa anatukimbiza mpaka siku ya mwisho kabla ya mechi, kesho yake unaingia uwanjani miguu ya mbao, robo ya tatu mnapigwa na watoto wa sekondari. Sasa hivi wachezaji wetu kadhaa wako huku na robo ya nne tunakaba kweli, wengine wanashika viuno sisi tunaomba mpira.

Kwa hiyo nani aende. Mchezaji mwenye magoti au enka (vifundo vya miguu) za kuteguka teguka, aende kesho, enka ikishateguka mara moja ni rahisi kuteguka tena na huyu ana mazoezi mazuri ya kusimama mguu mmoja huku unarushiwa mpira. Dada zangu wote mnaocheza, nendeni. Anayetaka kupungua kitambi, kuna sehemu za bei nafuu na muziki mzuri zaidi. Anayetaka kufundishwa kushuti asipoteze hela, huyu hashiki mpira wa kikapu kabisa isipokuwa kwa kukurushia.

Ukienda chagua alfajiri, watu wachache na babu mlinzi atakukaribisha na "mwangaluka" yake, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, uitikie vizuri, asiyeitikia anazungushwa getini. Beba raba zako za kuchezea, taulo na maji ya kutosha, kile kibanda cha jirani wanauza chupa ndogo bei ya stendi. Na baada ya tizi wale mnaokimbilia kujitosa ziwani kupoza miguu acheni, kichocho kipo, jimwagieni ndoo pale pale nyuma, maji yapo isipokuwa wakikata.