Ndoo za asali Tabora mjini: kwa mama wa nyuma ya soko kuu

Msimu uliopita nilipoteza asali ya ndoo nzima, kama kilo 28, kwa sababu ya ndoo ya bei chee niliyouziwa barabarani. Kumbe ilikuwa ya rangi ya nyumba, imesuguliwa mpaka ikang'aa. Wiki mbili baadaye nafungua mfuniko, harufu ya rangi ikanipanda puani. Asali hunyonya harufu upesi, na asali ya miombo ya kwetu Sikonge haistahili kutendewa hivyo. Iliniuma sana.

Sasa nanunua kwa mama mmoja nyuma ya soko kuu. Anauza ndoo za lita 20 zilizokuwa na mafuta ya kula, shilingi 5,000 kila moja. Siku ya kwanza aliipindua mwenyewe akanionyesha kitakoni: pembetatu ya mishale yenye namba 2, na pembeni alama ya glasi na uma. "Mwanangu, isiyo na hii usiwekee chakula."

Mfuniko ndio ulioniteka moyo. Una mpira kwa ndani, ukiubana unalia ta! Asali huvuta unyevu hewani, na maji yakizidi huchachuka, kwa hiyo mfuniko uliolegea ni hasara tupu. Za bati nimeacha. Asali ina asidi, inakula chuma.

Kasoro ni harufu ya mafuta. Naziosha kwa maji moto na sabuni mara tatu, naanika kutwa, kisha nanusa. Kati ya 12, mbili ziligoma kabisa. Mama akanibadilishia bila maneno. Wahi asubuhi, wauza maziwa huzimaliza.