Tempera ya vidonge kwa kona ya uchoraji: inafaa, ila chunga njano

Katika TAB (Teaching for Artistic Behavior), mtindo wa kufundisha sanaa shuleni ulioanzia Massachusetts, Marekani, mtoto huchukuliwa kuwa msanii na chumba cha sanaa ni karakana yake. Anajichagulia kazi, anachukua vifaa mwenyewe na kuvirudisha mwenyewe. Rangi inayomsubiri mwalimu aje kuimimina imeshafeli hapo.

Ndiyo maana tunaiweka tempera ya vidonge (rangi ya maji iliyokaushwa, ya kulowesha kwa brashi) mbele ya ile ya chupa, iliyo ya majimaji. Trei moja hutosha watoto wawili, pamoja na makopo mawili ya maji (la kuoshea brashi na la kusuuzia) na kitambaa cha kupangusia. Mtoto anadondoshea kidonge matone matatu manne, anangoja dakika moja, ndipo azungushe brashi. Asiyengoja hupata maji yenye rangi ya chai ya mkandaa, kisha husugua kwa hasira mpaka nywele za brashi zinatawanyika kama ufagio. Maelekezo hayo yachorwe na kubandikwa ukutani hapo hapo, la sivyo mwalimu atayarudia kutwa.

Njano ndiyo mgonjwa wa trei. Ikipangwa jirani na nyeusi, kabla kipindi hakijaisha imeshakuwa kijani cha tope. Itenge pembeni. Ikichafuka, ipanguse kwa sponji yenye unyevu mpaka njano safi ijitokeze. Ukiiweka chini ya bomba unaimomonyoa bure. Na trei isifunikwe ikiwa mbichi, maana itaota ukungu. Ilale wazi.

Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 hujikunja kwa maji mengi. Manila inahimili.

Udhaifu mkubwa ni kwamba vidonge havifuniki vizuri: kwenye karatasi nyeusi au boksi la katoni rangi inazama, na nyeupe ndiyo hafifu kuliko zote. Kwa kazi hizo weka chupa moja ya tempera nyeupe, na kila mtoto apimiwe kwa kizibo cha soda.

Kwenye usafi, vidonge havina mpinzani. Kipindi cha dakika 40 kinahitaji dakika kama 7 za kumwaga maji, kupangusa trei na kulaza brashi. Rangi ya chupa huleta foleni kwenye sinki, na iliyobaki inamwagwa.

Kabla ya kulipa, uliza kama vidonge vya akiba vinauzwa kimoja kimoja na vinaingia kwenye trei hiyo, maana vipimo hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na njano itakwisha zambarau ikiwa bado nzima.