Seti ya vifaranga 10 kwa ajili ya watoto: bruda safi, balbu ya hovyo, na Malkia anawika

Nimekaa na hawa viumbe miezi minne sasa kwa hiyo nadhani naweza kuongea bila kukurupuka. Kuna duka moja la dawa na vyakula vya mifugo huku Kimara, jina sitaji maana yule kaka bado namhitaji kwa chakula, anauza kitu anakiita seti ya watoto. Unapewa vifaranga kumi wa siku moja, chotara (mchanganyiko wa kienyeji na wa kisasa), bruda ya mbao, yaani boksi la kulelea vifaranga kwa joto, balbu, drinka ya maji, fida ya chakula na starter, chakula cha vifaranga, kilo tano. Alianzia laki na ishirini, tukavutana mpaka elfu 95. Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, wanangu wawili (miaka tisa na mitano) walikuwa wanalilia mbwa, baba yao mbwa hataki, mimi paka sitaki, basi tukakutana kwenye kuku.

Bruda kiukweli nampa maksi zote. Ni plaiwudi, urefu kama mita moja na upana nusu, juu ina wavu, na pembe zote nne fundi kazikata kwa kipande cha mbao zikawa za mviringo. Mwanzo nilidhani ni urembo, kumbe vifaranga wakisikia baridi au wakishtuka wanakimbilia kona na kupandana mpaka wa chini wanakosa hewa. Balbu inaning'inia kwenye mnyororo, unaipandisha tundu moja moja kadiri wanavyokua, maana wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35 halafu unapunguza kama nyuzi tatu kila wiki mpaka manyoya yatoke. Aliyetengeneza ile boksi anajua kuku, sio seremala wa kubahatisha.

Sasa balbu jamani. Ameniwekea ile nyeupe ya LED, ya kubana matumizi! Inawaka vizuri kabisa, hata kusoma unasoma, ila joto hakuna. Usiku wa kwanza, na kumbuka huo ni mwezi wa sita, kipupwe, wamelia mpaka saa nane, sisi tunajua wana njaa tunawaongezea chakula, hawali, wamejikusanya katikati kama mpira. Bibi jirani yangu, mtu wa Singida, kuku kakua nao, ndio kaja na kanga yake mabegani kasema "mwanangu hao wanakufa baridi, njaa hawana, hao wana kiini cha yai tumboni bado, wanaweza kukaa hata siku mbili bila kula". Tukachemsha maji, tukajaza chupa mbili, tukazivisha soksi za mume wangu, baba Junia, tukaweka ndani. Dakika kumi kimya. Asubuhi mmoja alikuwa kashakufa lakini, na nilipompigia yule kaka kanijibu "mama, kifaranga kikishatoka dukani sio changu tena". Hapo aliniudhi, sio kwa elfu mbili ya kifaranga, ni kwa vile balbu ni yake.

Nikaenda dukani hadiwea nikachukua balbu ya zamani, ya njano, wati 60, mambo yakakaa sawa. Ila ujue itawaka usiku na mchana, na wati 60 kwa saa 24 ni karibu uniti moja na nusu ya Luku kila siku, kwa wiki tatu mfululizo. Hilo hakuna atakayekwambia wakati wa kulipia. Na usihangaike kutafuta kipimajoto, waangalie wenyewe tu: wakijibana chini ya balbu ni baridi, wakikimbilia ukutani wamefungua midomo ni joto limezidi, wakitawanyika wengine wanakula wengine wamelala kifudifudi kama wamezimia basi we nenda kalale na wewe. Binti yangu wa miaka mitano alijua kuwasoma kabla yangu. Umeme ukikatika tunarudi kwenye chupa na soksi. Jiko la mkaa chumbani sikulitaka kabisa, wengi wanatumia ila ile hewa ya mkaa inaua watu sembuse kifaranga.

Chini alitandika magazeti. Yatoe, yanateleza, kifaranga wetu mmoja miguu ilianza kwenda huku na huku kama anafanya mazoezi. Weka maranda, kwa seremala unapewa bure ukiomba vizuri. Drinka na fida hazina shida, starter nayo wameila vizuri ila kilo tano kwa vifaranga tisa haikufika hata mwisho wa wiki ya nne, kwa hiyo ile "unamaliza nayo mwezi" ni maneno ya biashara.

Kitu kingine alichosema ni "washachanjwa hawa". Afisa mifugo wa kata ndio kanifungua macho, kwamba chanjo ya siku ya kwanza inayotolewa wanakototolewa mara nyingi ni ya mareksi, ugonjwa wa kupooza, sio ya kideri (mdondo), na kideri ndio kinafagia banda zima kwa siku chache. Kuna ile chanjo ya kideri inaitwa I-2, ya tone moja jichoni, inavumilia joto kuliko nyingine, unarudia kila miezi mitatu. Tatizo kichupa kimoja ni cha kuku wengi na mimi ninao tisa, kwa hiyo tukachanga majirani watano, Bibi akiwa mwenyekiti, tukachanja mtaa mzima Jumamosi moja asubuhi. Mwanangu mkubwa alikuwa anashika kuku, mimi nadondosha. Chanjo ya gumboro, ugonjwa mwingine wa kuku wachanga, tulikuwa tumeshachelewa, tukaomba Mungu tu.

Kwa watoto sasa, maana ndio wengi mtauliza. Wamependa kupita nilivyotegemea, wamewapa majina yote (Chapati, Bajaji, Malkia, Mwalimu, wengine nachanganya), wanaamka wenyewe kubadilisha maji. Ila mdogo alikuwa anawabusu mdomoni na kulala nao kwenye kochi, hiyo nimepiga marufuku, vifaranga wanabeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, hata kama wanaonekana wasafi, kwa hiyo sabuni kila wakishikwa na bruda haikai jikoni. Sebuleni nako, wiki ya tatu hakufai. Vumbi la manyoya liko mpaka juu ya tv, na harufu mgeni anaipata getini. Wewe uliyepanga chumba na sebule, nakushauri kama dada, usinunue hii seti.

Wiki ya sita tukawatoa nje mchana, kunguru akamchukua Bajaji mbele ya macho yetu. Hawa kunguru wa Dar mnawajua, walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 eti wale taka, taka zipo mpaka leo na vifaranga wetu wanaliwa. Bruda haina banda la nje la kuendelea nalo, hilo unajitegemea, mimi wavu na mirunda vimenila elfu 60 nyingine.

Halafu la majike. Nilimwambia yule kaka toka mwanzo, nataka matetea tu, tuna majirani ukuta kwa ukuta. Kaniapia, "wote majike mama, nimechagua kwa mkono wangu". Afisa mifugo alicheka, akasema chotara wa siku moja kwa macho ya dukani huwezi kujua, ni mpaka mtu aliyesomea, ukipewa bila kuchaguliwa hesabu nusu kwa nusu. Kati ya wanane waliobaki, majogoo ni matano. Mmojawapo ni Malkia. Malkia, mwenye upanga mwekundu kichwani na shingo ya dhahabu, anawika saa kumi alfajiri kabla ya adhana, na mzee wa nyumba ya pili kashakuja mara mbili kwa upole, ya tatu sidhani kama atakuja kwa upole.

Kwa seti yote natoa nyota tatu, bruda peke yake tano. Ukienda, nunua boksi, mwambie abaki na balbu yake na utafute vifaranga kwa mtotoleshaji mwenyewe. Majogoo wanne Bibi kanisaidia kuwapeleka kwao Singida, Malkia watoto wamekataa, wamelia mpaka baba yao kanuna. Kama kuna mtu Kimara ana tetea anataka kubadilishana na jogoo mzuri mwenye chanjo, aje saa kumi na moja jioni, watoto wanakuwa tuisheni.