Umeshabuk kruzi? Wakala wa kumhamishia buking, kuanzia bora mpaka wa kukimbia

Wabongo na Wakenya wengi wa Houston na Dallas wakitaka kruzi, yaani safari ya starehe kwa meli, kutoka bandari ya Galveston hapa Texas wanaingia moja kwa moja kwenye wavuti ya kampuni ya meli kama Royal Caribbean au Carnival, wanachagua chumba, wanalipa dipoziti, basi. Sio kosa. Ila kwenye ile nauli kuna komisheni ya wakala (mtu au kampuni inayokubukia safari) humo ndani, na ukibuk mwenyewe hawakupunguzii, inabaki kwao. Ukipitia kwa wakala wanamlipa yeye, kwa kawaida asilimia 10 au zaidi ya nauli, na wakala anayefanya biashara kubwa mtandaoni anakubali kukumegea kipande ili akupate wewe.

Mbona basi bei ya wakala ni ile ile ya kampuni ya meli? Kwa sababu kampuni nyingi za meli haziruhusu wakala atangaze bei ya chini kuliko yao, kwa hiyo punguzo linapita mlango mwingine: krediti ya kutumia humo melini, kadi ya dukani, au hela inayorudishwa baadaye.

Habari njema ni kwamba hata kama umeshabuk unaweza kuihamisha. Namba ya buking inabaki ile ile, chumba kile kile, dipoziti yako haipotei na ofa uliyopewa siku ile inabaki. Ila kuna dirisha, mara nyingi siku 30 au 60 tangu ubuk kutegemea kampuni, na lazima uwe bado hujamaliza kulipa. Ukishamaliza ndo kwisha habari. Na jambo lingine watu hawaambiwi: kutoka kampuni kwenda kwa wakala ni rahisi, kutoka wakala mmoja kwenda mwingine ni shughuli pevu, maana yule wa kwanza lazima akubali kukuachia na wengi hawakubali. Kwa hiyo chagua vizuri mara moja.

Twende kwenye hesabu kwanza. Tuseme wiki moja ya Karibiani ya magharibi, Cozumel, Roatán, Costa Maya, chumba cha balkoni watu wawili, jumla dola 2,400. Usikimbilie kupiga asilimia kwenye hiyo 2,400, kuna kodi na ada za bandari humo, tuseme 300, na hizo wakala halipwi kitu. Inabaki 2,100. Wakala akikupa asilimia 8 ni dola 168. Tipu za melini ni kama dola 16 mpaka 20 kwa mtu kwa siku kwenye kampuni kubwa, kwa hiyo hiyo krediti inakutolea zaidi ya nusu ya tipu za wawili kwa wiki nzima. Sasa kama kruzi yako ni ya siku nne, chumba cha ndani kisicho na dirisha, nauli dola 600, hapo unagombania dola 40 au 50, mimi nisingejisumbua.

Sasa nani wa kumpa.

Namba moja kwangu ni wakala wa mtandaoni ambaye kazi yake ni kruzi tu. Kina Vacations To Go, ambao wako hapa hapa Houston, na wengine wa aina hiyo. Wanajua meli, wanajua vyumba vya kukwepa, na wanatuma mamia ya watu kila wiki kwa hiyo komisheni yao ni nzuri na wana cha kukugawia. Ujanja ni kuingia wavuti ya CruiseCompete, unaweka meli na tarehe na aina ya chumba, mawakala wenyewe wanakuletea ofa wakishindana. Halafu unamwandikia aliyetoa ofa nono: hii buking tayari ninayo, ukiichukua kwa kuhamisha utanipa krediti hiyo hiyo? Usiache kuuliza hilo swali, kuna wanaotoa krediti nono kwa buking mpya tu, ya kuhamishwa wanakupa nusu au hawakupi kabisa. Jibu lije kwa maandishi, sio kwa simu.

Namba mbili, Costco Travel, tawi la safari la yale maduka makubwa ya Costco ya wenye umemba, LAKINI kama tayari ni memba na kila Jumamosi uko pale unapakia mchele na mafuta. Wao kwenye kruzi nyingi wanatoa kadi ya dukani ya kidijitali, inakuja kwa imeili baada ya safari, na memba wa Executive, ule umemba wa bei ya juu, anapata asilimia 2 juu yake. Kwa familia yenye watoto kadi ya Costco ni hela taslimu kabisa, kuliko krediti ya melini ambayo ikibaki usiku wa mwisho unajikuta dukani unanunua saa usiyoihitaji. Kujiunga kwa ajili ya kruzi moja ndogo hailipi. Na kabla hujafanya lolote piga simu uwatajie kampuni na tarehe uliyobuk, maana si kila wakala anapokea buking iliyokwishaanzishwa kwa kila kampuni.

Namba tatu ni yule dada wa kwenye grupu la WhatsApp anayefanya uwakala jioni baada ya shifti. Msinicheke. Kwa watu wawili huyu hana krediti kubwa ya kukupa, komisheni yake anagawana na kampuni iliyo juu yake. Lakini mkiwa kundi, mambo yanageuka. Reunioni ya ukoo, besidei ya mama ya miaka 60, kikundi cha kina mama: vyumba vinane, yaani watu 16, kwa kawaida ndo kiwango cha kuhesabiwa kundi, na kampuni nyingi zinatoa nauli ya mtu mmoja bure kwa kila hao 16. Hiyo nafasi mnaweza kuigawana au mkampa mama. Sharti moja tu, hela iende kwa kampuni ya meli kutoka kwenye kadi yako ya benki. Anayekwambia "nitumie Zelle nitakulipia", yaani umtumie hela yeye mwenyewe kwa simu, muage kwa heshima.

Namba nne, kubaki ulipo. Kama ni mtu wa kubadilisha badilisha, leo tarehe hii kesho ile, au shangazi anasubiri pasipoti na hujui kama atakuwepo, usihamishe. Ukishahamisha, ukipiga simu kampuni ya meli wanakwambia ongea na wakala wako, hata kwa kitu kidogo kama kuongeza kitanda cha mtoto. Na wakala anafunga ofisi.

Mwisho kabisa naweka tovuti kubwa za kila kitu, za aina ya Expedia, ndege na hoteli na gari humo humo. Kwa hoteli ziko poa. Kwa kruzi unaongea na mtu aliyetoka kumsaidia mwingine kubadilisha tiketi ya ndege, na wewe unamuuliza habari za deki ya saba.

Kwenye kuhamisha kwenyewe: wakala anakupa fomu fupi, majina, namba ya buking, saini, au unaandika imeili kutoka kwenye anwani ile ile uliyobukia. Inachukua siku kadhaa. Ukipata invoisi mpya yenye jina la wakala, ikague na ya zamani mstari kwa mstari, hasa ofa na muda wa chakula cha jioni. Uliza pia kama wanatoza ada yao wenyewe ukikansel, wapo wanaotoza juu ya ile ya kampuni.

Bei ikishuka baada ya hapo, nani anafuatilia? Wewe. Kabla ya siku ya malipo ya mwisho, ambayo kwa Royal Caribbean ni siku 90 kabla ya safari za usiku tano na kuendelea na 75 kwa fupi, angalia bei kila wiki kwenye wavuti, ikishuka piga picha ya skrini umtumie wakala siku hiyo hiyo aombe bei mpya.

Na majina, wakuu. Sisi wa jina la mtu, la baba na la babu, hakikisha buking imeandikwa kama pasipoti ilivyo, sio kama Facebook ilivyo. Rekebisha kabla ya kuhamisha, ukiwa bado unaongea na kampuni mwenyewe, maana baadaye hata herufi moja inapitia kwa wakala na ukiwahi kumkosa wikiendi ya safari, foleni ya Galveston haikusubiri.