Matembezi ya Mji Mkongwe Bagamoyo: mwombeni mwongozaji aanzie shuleni

Nyota 4 kati ya 5

Tulikwenda walimu watatu, Jumamosi, kuikagua ziara kabla ya kuwapeleka watoto wetu wa darasa la sita. Kwa anayetoka Dar, gari za Bagamoyo zinapatikana Makumbusho. Ukishuka stendi chukua bajaji mpaka Caravanserai, jengo la kale walipofikia watu wa misafara ya bara, ndipo mnapolipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Mtanzania halipi sawa na mgeni, na risiti tulipewa bila kuidai.

Mwongozaji wetu ni kijana wa pale pale mjini. Kila baraza tuliyopita alisimama akawaamkia wazee, nao wakamwitikia kwa jina. Hilo peke yake lilinifanya nimwamini. Alitupitisha Mtaa wa India, akatuonyesha milango ya nakshi, na penye nyumba iliyomomoka akaniambia niweke mkono ukutani. Chokaa ilikuwa imebanduka, mawe ya matumbawe yako wazi, na juu yake matundu yaliyokuwa yameshika boriti za mikoko. Nimewaeleza watoto habari za nyumba za mawe za pwani kwa chaki na ubao miaka yote hii. Siku hiyo nimeushika ukuta wenyewe.

Lakini nyota nyingi nazitoa kwa ajili ya kituo kimoja, Shule ya Msingi Mwambao. Tulipofika nje yake kijana akanigeukia: "Mwalimu, Sewahaji ya Muhimbili unaijua?" Nikamjibu naijua vizuri, mama yangu mdogo alilazwa pale. "Basi mwenye jina lile ndiye aliyejenga shule hii."

Wenzangu wote wawili walinyamaza. Sisi wa Dar tumelitamka jina hilo tukiwa na chupa za uji mkononi, tukiuliza wodi iko ghorofa ya ngapi, wala hatukuwahi kuuliza ni nani. Sewa Haji Paroo alikuwa Mhindi wa madhehebu ya Ismailia, amezaliwa 1851, baba yake mfanyabiashara wa Unguja aliyefungua duka Bagamoyo. Mtoto akalikuza duka likawa tegemeo la misafara ya bara: nguo, shanga, waya, pembe za ndovu, na wapagazi wenyewe. Mzungu aliyetaka kwenda bara alipita kwake kwanza. Mwaka 1896 akajenga shule, akaikabidhi kwa serikali ya Wajerumani kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wapokewe. Mwaka uliofuata, 1897, akafariki. Hospitali ya Dar es Salaam iliyobeba jina lake nayo ilijengwa kwa fedha zake.

Nataka msomaji alitazame sharti hilo vizuri. Hii ni miaka michache tu tangu Wajerumani wavunje upinzani wa Abushiri hapa hapa pwani. Hawakuwa na mpango wa kumkalisha mtoto wa Mswahili na wa Mhindi darasa moja kwa kuwapenda. Walihitaji makarani, wakalimani na watu wa kukusanya kodi, wanaoandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini badala ya zile za Kiarabu zilizozoeleka kwenye vyuo vya Kurani. Mfanyabiashara ndiye aliyetia fedha yake na neno lake. Na baadaye, chini ya Waingereza, nchi nzima iligawanywa: shule za Wazungu, shule za Wahindi, shule za Waafrika. Mgawanyo huo ulifutwa rasmi Januari 1962, baada ya Uhuru. Miaka 66 tangu Sewa Haji aweke sharti lake! Hili ni somo zima la darasa la sita, na linafundishika ukiwa umesimama hapo barabarani.

Sasa nyota niliyoibakiza. Mwongozaji alitueleza kwamba hii ndiyo shule ya kwanza Tanzania. Hapana, na kwa ziara inayopokea wanafunzi jambo hili si dogo. Watoto wa pwani walikuwa wakisoma vyuoni kwa masheikh karne nyingi kabla. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo 1868, nao wakawa na shule ya watoto waliokombolewa utumwani. Hata kwa shule za serikali, Tanga ilitangulia, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Sifa ya Mwambao ni ile ya kufungua mlango kwa watoto wa rangi zote, nayo inatosha kabisa bila kuongezewa chumvi. Nilimwambia kwa upole tukiwa pembeni, akasikiliza, akaniomba nimwandikie miaka hiyo kwenye simu yake.

La pili ni muda. Caravanserai tulikaa mpaka miguu ikachoka, Boma la Wajerumani vilevile, lakini shuleni ingekuwa dakika chache tu kama tusingemzuia kwa maswali. Naelewa, wageni wengi huja kwa ajili ya habari za utumwa na za Livingstone, ambaye maiti yake ililala misheni usiku mmoja mwaka 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Ila kwa Mtanzania, hasa mwenye watoto, shule ianze, mengine yafuate. Ukianza asubuhi mapema utakuwa umemaliza Mtaa wa India kabla jua halijawa kali. Saa sita pale hakuna kivuli cha kusema.

Jumamosi shule imefungwa, kwa hiyo tuliiona kwa nje tu. Ni shule inayofanya kazi, si makumbusho, na si haki kuwavamia watoto wa watu wakiwa darasani. Sisi tumeshaandika barua kwa mwalimu mkuu kuomba siku ya katikati ya wiki, watoto wetu wakae na wenyeji wao kipindi kimoja. Mwongozaji tumemwomba yule yule, na samaki wa kukaanga tutawanunulia sokoni ufukweni kabla ya kupanda gari.