Fundi wa mashine za boti wa Matema: tathmini ya huduma kwa mashine inayoishiwa nguvu ikibeba mzigo

Boti yangu ya mbao, yenye urefu wa mita 8, hubeba abiria, magunia na vyungu vya kijiji cha Ikombe kwenda kwenye soko la Jumamosi la Lyulilo, pale Matema wilayani Kyela, na mara chache hushuka na mwambao wa Ziwa Nyasa hadi vijiji vya Ludewa. Mashine yake ni ya nguvu ya farasi 15, ya mipigo miwili, ile ambayo oili huchanganywa na petroli ndani ya tangi. Mwezi Juni ilianza ugonjwa ulionikosesha usingizi. Iliwaka kwa mvuto wa kwanza wa kamba, ilitulia sailensa, yaani ikinguruma polepole bila kusukuma boti, bila kukohoa, na boti ikiwa tupu ilikwenda vizuri. Lakini ikishapakiwa, na nahodha akifungua moto wote, yaani mwendo wa mwisho, baada ya dakika 3 au 4 mngurumo ulififia, boti ikawa nzito majini, na nguvu haikurudi mpaka apunguze moto na kusubiri kidogo. Upande ule Milima ya Livingstone imeshuka wima hadi ziwani, kuna masafa marefu yasiyo na mchanga wa kukimbilia, na Juni ni msimu wa upepo wa mwera. Mashine ikichoka hapo ukiwa na akina mama na watoto botini, ni roho za watu zilizo hatarini.

Niliipeleka kwanza kwenye karakana moja ya Mbeya mjini, mara mbili. Mara zote mbili walisafisha kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), wakabadilisha plagi, wakaifunga kwenye pipa la maji, wakaipiga resi mbele yangu na kunihakikishia kwamba imepona. Siwatuhumu kwa udanganyifu, kwa sababu ndani ya pipa kweli ilinguruma kama mpya. Tatizo ni kwamba pangaboi linalozungusha maji ya pipa, yaliyokwisha kujaa mapovu, halisukumi kitu kinachofanana na boti iliyojaa vyungu, na mashine isiyofanya kazi nzito hainywi petroli ya kutosha kuonyesha kwamba inanyimwa. Kulikuwa na kosa la pili, ambalo nililielewa baadaye: Mbeya iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 na ziwa liko chini ya mita 500, hewa ya ziwani ni nzito zaidi, na skrubu ya kabureta iliyobanwa ili mashine itulie vizuri kule juu iliacha mchanganyiko wenye petroli pungufu huku chini.

Fundi wa Matema, kijana anayefanyia kazi ufukweni chini ya mwembe, hakugusa spana kwa karibu nusu saa. Aliniamkia, akamketisha nahodha wangu, na swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Mama, ikianza kuchoka, sauti inapanda au inashuka?" Nahodha alijibu kwamba inashuka pamoja na boti. Fundi akatueleza kwamba kama sauti ingepanda huku boti ikipunguza mwendo, angeshuku bushi ya mpira iliyo ndani ya pangaboi, kwa kuwa ikiachia, mashine huzunguka yenyewe bila kusukuma. Kwa swali hilo moja aliniokolea gharama ya pangaboi jipya, ambalo mtu mwingine alikuwa ameshanishauri kulinunua.

Kisha alikagua skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi, kwa maana ikisahauliwa imefungwa, petroli hushindwa kutoka na dalili huwa hizihizi. Ilikuwa wazi. Ndipo akataka twende ziwani na mzigo halisi, tukapakia viroba vya mchanga. Alimketisha msaidizi wake karibu na kile kipira cha kupampia kilicho kwenye mpira wa mafuta, akafungua moto wote, na mngurumo ulipoanza kufifia akamwambia akikamue. Nguvu ilirudi papo hapo. Alipoacha kukamua, ikafifia tena. Nilishuhudia kwa macho yangu jambo ambalo karakana yenye vifaa vingi haikuligundua kwa majuma matatu: umeme wa plagi na kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) havikuwa na shida, na jeti kuu, kitundu kinachopitisha petroli kwenye kabureta, haikuwa imeziba, kwa sababu petroli ikisukumwa kwa mkono mashine ilifanya kazi yake yote. Njaa ilikuwa kati ya tangi na kabureta. Bakuli la kabureta lilikuwa likijaa wakati wa mwendo mdogo, kisha likimalizika upesi kuliko lilivyojazwa, na ndiyo maana tulikuwa tukipewa dakika tatu nzuri kila mara.

Palepale majini alichomoa mpira wangu na kuunganisha wake, tangi likabaki lilelile, na mashine ikashika moto wote kwa dakika 10 bila kulegea. Tuliporudi ufukweni aliupasua mpira wangu kwa wembe: ngozi ya ndani ilikuwa imebanduka, na mvuto ukizidi ilijikunja na kuziba njia. Kwa nje haukuwa na hata ufa. Alifungua pia pampu ya mafuta, akakuta diaframu, utando wake unaosukuma petroli, imekakamaa, akaibadilisha, na akairudisha skrubu ya kabureta mahali pake. Alinionya kwa upole kwamba mashine ya mipigo miwili ikinyimwa petroli inanyimwa na oili pia, kwa hiyo nahodha aliyezoea kuilazimisha alikuwa akikaribia kunatisha pistoni. Uwiano wetu wa lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli aliukuta sahihi.

Ufundi alinitoza shilingi 45,000, mbali na vipuri na petroli ya majaribio, ambayo ni juu ya mteja. Naiona bei hiyo kuwa ya haki kabisa. Yapo ya kulalamikia. Hana akiba ya vipuri, nikasubiri siku nne mpira na diaframu vije kutoka Mbeya kwa basi. Hatoi risiti, jambo linalomsumbua mwenye chombo anayetunza hesabu. Na kompresheni huipima kwa kidole gumba juu ya tundu la plagi. Kwa ugonjwa wangu kidole kilitosha, lakini kwa mashine iliyochakaa ningetaka kuona namba kwenye geji.

Tangu hapo boti imekwenda sokoni Jumamosi saba ikiwa imejaa, mbili kati ya hizo mwera ukivuma, na nahodha hajapunguza moto isipokuwa kwa kutaka mwenyewe. Anayekusudia kwenda asiende Jumamosi, kwa kuwa fundi huwa anahudumia boti za soko tangu alfajiri. Siku nyingine afike mapema, kabla upepo haujaamka, na aende na boti yenyewe, tangi lake na mpira wake, kwa sababu fundi huyu haipokei mashine iliyobebwa peke yake.