Paka wangu kapona, lakini lile duka la dawa za mifugo sijalisamehe

Naandika nikiwa na hasira. Nilisema nisubiri zipoe, zimekataa kupoa tangu msimu wa korosho.

Nina paka jike, Tausi, niko naye hapa Shangani, Mtwara, tangu akienea kiganjani. Siku hizo alianza kujikuna usiku kucha, halali na mimi silali. Manyoya ya kiunoni karibu na mkia yakapukutika, chini yake vipele. Nikampekua, nikaona chembe nyeusi kama unga wa kahawa. Nikalowesha pamba nikazikandamiza, pamba ikageuka nyekundu. Kinyesi cha viroboto hicho, yaani damu yake Tausi waliyoinywa. Jirani akasema nimpake salfa ile ya kupulizia mikorosho, kwao Tandahimba mbwa wanapakwa hiyohiyo. Nikakataa, paka hujilamba mwili mzima, si nitakuwa nimemlisha? Nikaona niende dukani kwa watu wanaojua.

Nimefika, nimemkuta kijana ameinamia simu. Nikamwambia nataka dawa ya viroboto ya paka. Akanyanyua mkono bila kunyanyua macho, akaweka kichupa mezani. Kina picha ya mbwa. Nikamuuliza, "Mwanangu, hii si ya mbwa?" Akanijibu, "Mama, kiroboto ni kiroboto tu, paka na mbwa wanaumwa na walewale. Mpunguzie kidogo." Kidogo kiasi gani? "Kidogo tu." Nimelipa, nimeondoka. Hilo najilaumu mpaka leo, kwa sababu moyo ulishakataa pale mezani.

Nilimpaka mchana. Magharibi haijaingia, Tausi masikio yanamchezacheza, mate yanamtoka, akitembea miguu ya nyuma inamwacha. Kisha akaanza kutetemeka mwili mzima. Mpwa wangu wa kidato cha tatu akachukua kile kichupa, akasoma yale maandishi madogo ya Kiingereza ya upande wa nyuma: ndani kuna permethrini, na chini kabisa imeandikwa isitumike kwa paka. Imeandikwa! Wala si siri. Yule kijana anauza kitu ambacho hajawahi kukigeuza akasoma mgongo wake.

Nikamfunga Tausi kwenye kanga, bajaji hadi lile duka, maana sikujua pengine pa kukimbilia. Nilikuwa nataka anielekeze tu kwa daktari. Akamtazama paka wangu anatikisika mikononi mwangu, akasema, "Mama, si paka tu huyo? Wamejaa kule feri, chukua mwingine."

Nayarudia maneno hayo kila siku. Kukosea dawa ni jambo moja, mtu hukosea. Lakini kiumbe kinakata roho mbele yako, kwa dawa uliyoiuza wewe, unaniambia nichukue mwingine? Kama nazi sokoni?

Dereva wa bajaji ndiye aliyetuokoa. Alikuwa anamfahamu daktari wa mifugo mmoja, akapiga simu palepale. Huyo mama daktari sijui nimlipe nini. Bado tuko njiani, akaniambia kwenye simu nisimpe maziwa wala mafuta, eti ya kukata sumu, asilazimishwe kitu chochote mdomoni. Tulipofika alimwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mara mbili, akamkausha vizuri asipate baridi, akamchoma sindano ya kutuliza mtukutiko. Akanieleza kwamba ini la paka halina uwezo wa kuivunja permethrini kama la mbwa, ndiyo maana dawa inayomfaa mbwa inaweza kumuua paka. Na ile dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe, yenye amitrazi, nayo tusimguse nayo paka. Siku mbili Tausi alilala kwake anatetemeka, ya tatu akala dagaa.

Alipopata nguvu ndipo tukaanza matibabu yenyewe. Nilimpima kwenye mizani ya mchele ya dukani kwa Mangi, ndani ya kapu, kilo tatu na robo. Daktari akanipa dawa ya matone ya paka yenyewe, ya fipronili, kimrija kimoja kwa mwezi. Unatenganisha manyoya nyuma ya shingo mpaka uone ngozi, unadondoshea hapo ambapo ulimi haufiki. Asiogeshwe siku mbili kabla na siku mbili baada. Mwenye vitoto vya chini ya wiki nane asitumie, awachane kwa kitana chembamba na kukichovya kwenye maji ya sabuni.

Sasa hata hii nusura niitukane. Siku ya kumi hivi nikaona viroboto wapya. Nikampigia daktari kwa ukali, nami nina haya kidogo kwa hilo. Akaniuliza, "Dada, godoro umelianika?" Kumbe wale wa mwilini ndio wachache. Kiroboto jike hutaga hata mayai arobaini kwa siku, yanadondoka kwenye mkeka, kwenye nyufa za sakafu, kwenye mchanga wa uani anapolala. Na aliyeko ndani ya kifuko chake dawa haimfikii, anaweza kukaa humo miezi akisubiri damu ipite. Basi nikafua mashuka kwa maji ya moto, mikeka juani, nikafagia chini ya kitanda kila siku. Mwezi wa tatu, pamba ikatoka nyeupe.

Hivyo dawa ya matone naipa alama zote. Duka je? Nilikuwa nimeandika msikanyage kabisa. Nikafuta, kwa sababu mwenye duka, mzee mstaarabu, nilipompelekea kile kichupa alinirudishia hela yangu na kuniomba radhi, na wafugaji wa kuku wanasema chanjo zake ni nzuri, zinakaa kwenye friji inavyotakiwa. Haya, ya kuku nendeni.

Ila juzi nimepita pale. Vichupa vyenye picha ya mbwa viko mezani palepale, na kijana ni yuleyule. Alinitambua. Akasema, "Shikamoo mama," akarudi kwenye simu yake. Hajauliza hata kama paka alipona.

Msiende. Hata ya kuku tafuteni kwingine.